Mumiani wa Marui

Mume wangu Hamisi,

Marahaba, salamu zako zimenifikia hapa Misugusugu. Shangazi yako kajifungua salama, ila mihogo yote imeliwa na ngiri.

Unaniuliza hao maadui wa sayari nyingine unaowachora kwa ajili ya televisheni uwafanyeje ili watu waogope. Usiwawekee pembe, mjukuu wangu.

Enzi za Mwingereza kaka yangu Mwinshehe alipata kazi ya kupima damu hospitalini. Alipokuja kututembelea kijijini kwetu Marui, watu wakavumisha kuwa ni mumiani, anauza damu za watu. Jioni wakaja na mapanga. Mbele yao alikuwa jirani yetu Salehe, mwalimu aliyemfundisha kaka Kurani.

"Hujambo, dada?" akamwuliza mama kwa upole. "Mtoe huyo nje."

"Salehe, huyu si mwanafunzi wako?"

"Ndiye. Mtoe."

Kaka akaruka dirisha la nyuma, akapotelea porini. Hatukumwona tena. Nyumba yetu wakaichoma.

Asubuhi Salehe akaja na unga kutupa pole ya kuunguliwa. Mama akaupokea, maana tulikuwa na njaa.

Mchore huyo Salehe, ukiweza.

Nakuombea heri,
Bibi yako