Nilimwekea Msichana wa Mikate Maneno Mdomoni

Jumapili, wiki ya pili ya likizo. Baridi ya Agosti imekaza, ile ya kuanika sweta siku tatu na bado ina maji kwenye mikono. Mawingu yamelala juu ya mtaa wetu wa Ziwani, Nairobi, tangu asubuhi. Lakini mimi nina furaha ya ajabu, na koo limekauka.

Limekauka kwa sababu leo nimeongea.

Mnaonijua mtaelewa. Mimi ndiye yule wa darasani anayejua jibu na hainui mkono. Mwalimu akiniambia nisome, sauti inaingia chini ya dawati na kukaa huko. Nyumbani Baba huniita Redio Bila Betri. Hapa kwa blogu naweza kusema chochote kwa sababu hakuna mtu ananiangalia usoni.

Haya, nianze vizuri.

Baba ana bucha Soko la Burma. Miaka miwili iliyopita aliteguka mgongo akishusha paja la ng'ombe, na dada yangu Njoki, ambaye ndio alikuwa amemaliza shule ya upili, akaingia nyuma ya kaunta "kwa muda kidogo tu". Ule muda kidogo haujaisha. Mgongo ulipona kitambo. Jana Baba alipandisha mtungi wa gesi ngazi zote akipiga mluzi. Lakini hakuna mtu amewahi kusema, haya Njoki, sasa endelea na maisha yako.

Tena kuna hili. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo Njoki ni Shosho, nyanya yetu, na Baba hamwiti Njoki, humwita Maitu, yaani mama yangu. Maitu, nipe kisu. Maitu, angalia huyo mteja. Sasa mtu ataanzia wapi kumwambia baba yake anataka kuondoka, na yeye ndiye mama yake?

Mwezi uliopita Njoki alipata nafasi katika chuo cha ufundi kule Thika, kusomea stima, yaani umeme. Mimi sikushangaa sana. Friji ya bucha ikianza kukohoa, yeye ndiye huifungua mgongo na kuitibu. Aliniambia mimi peke yangu, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Mwisho wa kuwajibu chuoni ni Ijumaa hii. Na wiki nzima alikuwa anafungia watu nyama akitabasamu kana kwamba Ijumaa haiko.

Basi leo baada ya kanisa Baba akaja na flashi mpya. Yeye hupenda zile sinema za vita ambazo kuna DJ anaongea juu yake kwa Kiswahili, kila ngumi na mzaha wake. Nafikiri yule kijana wa duka la sinema alichanganya mafaili. Tulipofungua, theluji. Mzee anakanda unga. Msichana wake anakanda unga. Hakuna anayesema kitu. Baba akaongeza sauti. Theluji ikaendelea kuanguka, sasa kwa sauti kubwa.

"Vita inaanza saa ngapi?" akauliza.

"Wacha hivyo hivyo," Shosho akasema. Amekuja kututembelea kutoka Murang'a na alikuwa ameshajifunika blanketi kwenye kochi. "Hao ni watu wa kazi. Nataka kuona."

Lugha yao ilikuwa ya mbali, sijui ya wapi, na Kiingereza kimeandikwa chini. Shosho hajui Kiingereza. Miwani ya Baba ilibaki bucha. Mama alikuwa kazini, Njoki jikoni akisukuma chapati. Akabaki nani?

"Redio, hebu tusomee. Ama huko shule mnasomea nini?"

Nikaanza kutafsiri. Shosho akainama upande wangu. "Huyo msichana anaongea akiwa ndani ya gunia?"

Nikapandisha kidogo. Halafu nikagundua kitu: wote wanaangalia theluji. Hakuna anayeniangalia mimi! Nikampa mzee sauti nzito ya mhubiri. Msichana nikampa yake, laini. Jirani mmoja mbea nikampa sauti ya puani, na Shosho akacheka mpaka blanketi likaanguka. Sijawahi kuchekesha mtu makusudi. Ni kitu kitamu sana.

Sinema yenyewe ni ya watu wawili wasioulizana. Msichana alitaka kwenda mjini kusomea kujenga madaraja, akabaki kumsaidia baba yake kuoka mikate. Hasemi. Mzee haulizi. Wanakanda tu. Masikio yakaanza kunichoma. Huko jikoni kusukuma chapati kulikuwa kumesimama.

Ikafika mahali msichana anasimama dirishani, anaangalia nje, anasema kitu. Maandishi yalisema: theluji imekatika. Basi. Hakuna kingine.

Mimi nikasema: "Baba, mgongo wako umepona. Nimepata nafasi ya kusoma. Ninaogopa kukuambia kwa sababu unanihitaji hapa."

Sikupanga. Naapa sikupanga.

"Aaa! Amesema!" Shosho akapiga makofi.

Baba hakupiga makofi. "Ngoja. Mgongo gani? Si huyu mzee tangu tuanze anabeba magunia ya unga kama ni pamba?"

Nikakaza macho kwenye theluji.

"Na hata bila miwani nimeona hapo chini maneno ni mawili matatu. Wewe umetoa mahubiri."

"Ni lugha fupi, Baba. Inabeba mengi."

"Hmm. Na mgongo wangu imeujulia wapi, hiyo lugha?"

Akabonyeza rimoti. Theluji ikasimama hewani.

Njoki alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga, ananiangalia kama chapati inayofuata kuingia kwenye mafuta. Yeye Kiingereza anakijua. Alikuwa amesoma kilichoandikwa, na amesikia nilichosema.

"Njoki," Baba akasema. Si Maitu. Njoki.

Akasema yote akiwa amesimama hapo hapo, haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji machafu kabla hayajamrukia. Thika. Stima. Ijumaa.

"Na mimi nilidhani unapenda bucha," Baba akasema polepole.

"Naipenda, Baba. Lakini napenda friji kuliko nyama iliyo ndani."

Baba akaangalia mikono yake. "Lakini Maitu, sasa nani..." Hakumaliza.

Hapo ndipo niliogopa kabisa. Ninamjua dada yangu. Alikuwa ameshainamisha macho. Neno moja zaidi kutoka kwa Baba na angesema basi, yaishe, nitabaki, na angerudi jikoni kumaliza chapati, na mimi ningekuwa nimeharibu kila kitu kwa kujifanya DJ.

Shosho akatoa blanketi. Aliongea Kikuyu, na hapa natafsiri bila kuongeza hata nukta:

"Wewe si husema huyu ni mimi? Basi nisikilize. Mimi nilitolewa shule nikachunge ng'ombe wa baba yangu. Nilichunga. Sikulia. Sasa nimezaliwa tena hapa Nairobi, na wewe, mtoto niliyekuzaa, unanikalisha na ng'ombe tena? Na hawa hata wamekufa!"

Baba alijaribu kubana kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka akashika mgongo, sisi wote tukauangalia huo mgongo, naye akasema haraka, "Hauumi! Hauumi!"

Kisha akafuta macho. "Mwanamume ana mama wawili ndani ya nyumba moja. Atashinda kesi gani?"

Akasema Ijumaa ni mbali. Kesho asubuhi wanaenda Thika pamoja, yeye na Njoki, na bucha itafunguliwa wakirudi. Njoki akaketi kwenye mkono wa kochi na unga wake wote, akalia kidogo na kucheka kidogo. Shosho akamwambia asimwagie unga blanketi.

Nilidhani nimesahaulika. Wapi!

"Na huyu mwenye sauti tatu?" Baba akanigeukia. "Jumamosi utasimama kaunta."

Burma hakuna kuuza kimya. Pale watu wanaita wateja kutoka mbali, wanataniana na wapishi wa nyama choma, wanabishana kuhusu mfupa. Njoki hufanya hayo yote huku anakata. Mimi hujificha nyuma ya mzani.

Lakini si hilo lililoniogopesha zaidi, wacha niseme ukweli. Nilikuwa nawaza ule muda kidogo wa Njoki. Nao ulianza hivi hivi, bila mtu kuuliza utaisha lini.

Kwa hivyo nikauliza. Hakukuwa na theluji wala msichana wa kumsingizia, na wote watatu walikuwa wananiangalia usoni.

"Baba, ni likizo hii tu?"

Akaweka rimoti chini. Nafikiri ni mara ya kwanza kunisikia nikiuliza kitu kikubwa kuliko chumvi iko wapi.

"Likizo hii tu. Na Jumamosi tu. Shule zikifunguliwa nitatafuta kijana wa kuajiri."

"Nimesikia," Shosho akasema. "Na nina masikio mazuri."

Mama aliporudi kutoka kazini na kuambiwa yote, alivua viatu akasema alijua tangu ile siku Njoki alianza kunyoosha nguo nzuri bila harusi yoyote. Akala chapati nne.

Njoki hajasema lolote kuhusu kile kiapo. Alinifinya sikio kwa vidole vya unga, akaniwekea chapati laini kuliko zote.

Sasa nimekaa kitandani na simu, najizoeza. Karibu kastoma, mbavu laini ziko. Njoki, kutoka kitanda chake, anasema hata ng'ombe mwenyewe hajasikia.

Nirudie?

Narudia.