Sauti ya Koko Nyota kwenye albamu yetu ya Noeli

Jumamosi, siku kumi kabla ya Noeli

Mvua ilianza alfajiri kutoka upande wa ziwa na haikukoma hadi saa nne. Sasa jua limetoka, njia imejaa matope, na mimi nimekaa mlangoni na simu magotini, naandika kabla siku hii haijanitoka. Nimefurahi. Nina aibu pia. Nitaeleza yote mawili.

Kwa asiyetufahamu: mimi ni mwalimu wa watoto wadogo hapa Kalemie. Mume wangu Benoît anafundisha darasa la tano, na mikono yake haijui kutulia. Anatengeneza vikaragosi, marioneti kama tunavyowaita hapa: kichwa cha kibuyu, nguo za vipande vya vikwembe, mdomo unaofunguliwa kwa kidole gumba. Kwa miaka kadhaa, kila Jumamosi tumekuwa tukiwapeleka Katanika, kwa watoto wa familia zilizokimbia vita. Kuna samaki Mukeke, ambaye sauti yake ni mimi. Kuna mbuzi mmoja mvivu. Na kuna Koko Nyota.

Koko Nyota, yaani Bibi Nyota, ni mwanamke mzee mwenye kilemba cha manjano. Humuuliza kila mtu kama amekula, na mtu hajajibu bado, ameshaanza kumgombeza kwa nini hajala. Watoto wanampenda kuliko wengine wote. Sauti yake ilikuwa ya Benoît.

Mwaka huu tuliwaahidi watoto albamu ya Noeli. Nyimbo saba tulizotunga wenyewe, zote zikiimbwa na marioneti, ili waziweke kwenye simu za wazazi wao. Sylvain, anayepiga kinanda kwenye korali ya parokia, alitutolea kompyuta yake. Mwezi wa nane Mukeke aliimba zake, mbuzi akaimba zake. Koko tulimwacha wa mwisho kwa sababu ndiye rahisi.

Mwezi wa tisa sauti ya Benoît ikaanza kukwaruza, kisha ikakatika.

Daktari wa Lubumbashi alimchungulia koo akasema kuna vinundu, na dawa yake ya kwanza ni kunyamaza. Asiseme, wala asinong'one, mpaka atakapomwona tena mwezi wa kwanza. Basi shule ikampa kazi za biro, za ofisini, na nyumbani akanunua kibao cheusi cha wanafunzi na chaki. Tangu hapo anaandika, mimi nasoma. Ester wetu, ambaye ana miaka mitano, anamchorea picha.

Nakiri hapa kwamba mwanzoni niliupenda ule ukimya. Benoît ni mtu wa maneno mengi. Juma la pili nilianza kukumbuka hata yale maneno yaliyokuwa yananichosha.

Nilijaribu kuwa Koko Nyota mimi. Nilikaza koo, nikaongeza kikohozi, na Jumamosi moja nikampeleka Katanika hivyo hivyo. Watoto walitazama kwa adabu, na adabu ya watoto ni mbaya kuliko kelele zao. Msichana mmoja wa kama miaka sita alikuja baadaye, akashika kilemba, akaniuliza taratibu, "Huyu si yeye. Koko alikufa?"

Nikamwambia Koko amesafiri Nyunzu, atarudi Noeli.

Watoto wale wanajua maana yake mtu mzima anaposema fulani amesafiri. Hakuuliza tena. Juma lililofuata mama mmoja alinisimulia kwamba watoto walifanya matanga ya Koko nyuma ya nyumba, kwa nyimbo na vilio, na mmoja akahubiri.

Nililia njia nzima ya kurudi. Albamu isiyo na sauti yake ingekuwa kuwathibitishia kifo chake.

Sasa ungamo lenyewe. Ile sauti Benoît hakuibuni. Aliichukua kwa mama yake.

Mama Feza, mama mkwe wangu, anakaa ng'ambo ya mto Lukuga. Anaanza sentensi chini kama anayesali, na mwisho inampanda ghafla, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni. Ndivyo anavyosema Koko Nyota. Hata kilemba kimeigwa kwake. Mama hakuwahi kuwaona marioneti wetu, kwa sababu kwenye kanisa lao la maombi wanafundishwa kwamba kitu kinachosema bila kuwa na pumzi hakifai nyumbani mwa Mkristo. Na mimi, miaka saba ya ndoa, nimeicheka sauti yake mkononi mwa mwanawe, kisha akija namwamkia kwa heshima zote.

Tangu mwezi wa kumi alikuwa haji tena. Nilijua tu kwamba habari za Koko zimemfikia na amekasirika.

Alhamisi baada ya masomo nilipanda moto, yaani pikipiki, nikavuka daraja na kilo mbili za sukari. Nilimkuta uani akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye ungo. Nikakaa chini nikachambua naye, nikamweleza kila kitu kwa mkupuo: Koko, kilemba, kicheko, matanga ya watoto. Ningepumzika katikati nisingemaliza.

Hakuinua macho.

"Na watu wanacheka?"

"Wanacheka, Mama. Lakini wanamupenda sana."

"Anasema nini, huyo muzee?"

"Anauliza kila muntu kama amekula."

Akageuza samaki kwenye ungo. "Hilo si la kuchekesha. Muntu anapaswa kula."

Nikamwomba atuimbie sehemu za Koko. Nikaongeza kwamba najua ametukasirikia kwa sababu ya marioneti, ndiyo maana haji.

"Marioneti gani?" alisema. "Mimi nilikuja kwenu. Wewe ulikuwa sokoni. Mutoto wangu akanipokea, akanipa maji, akaandika kwenye kile kibao, akanionyesha. Nikasema ndiyo. Akaandika tena. Nikasema ndiyo. Akanitazama, nikaona kumbe alikuwa ameniuliza kintu."

Mikono yake iliendelea kuchambua.

"Sijui kusoma, Mama Ester. Lile darasa la wamama kanisani nilienda mara tatu tu, macho yakauma. Nikaona haya kumwambia Benoît, alikuwa amefurahi sana. Sasa anasema na kila muntu. Ni mimi tu njo hasemi na mimi. Ni afazali nikae kwangu."

Sote tulidhani anasoma. Biblia haimtoki mkononi. Na kila alipokuja nikiwepo, mimi nilisoma kibao kwa sauti, haraka haraka, nikikatisha maneno ili nirudi kwenye kazi zangu. Ile saa ambayo mimi sipo, sikuifikiria hata mara moja.

Niliomba msamaha. Akasema nisilie juu ya ndagala, wana chumvi ya kutosha.

Nilipokuwa naaga akasema, "Jumamosi nitakuja. Lakini kile kintu sikishiki."

Jioni nilimweleza Benoît. Alikifuta kibao, akaweka chaki chini.

Leo basi. Tulikutana kwenye chumba cha katekesi, magodoro yameegemezwa madirishani ili kelele za njia zisiingie. Mama alifika na mvua, Biblia kwapani. Ilibidi tungoje, maana mabati yalikuwa yanapigwa vibaya. Mvua ilipokatika, Sylvain akawasha kompyuta na Benoît akamvaa Koko Nyota mkononi.

Mama alimtazama Koko.

"Njo mimi huyu? Ndiye mimi?"

Benoît akaitikia kwa kichwa.

"Pua yangu si kubwa hivi."

Koko Nyota akajigusa pua. Akaona haya, akajifunika uso kwa kilemba. Kisha akachungulia, akajisugua tumbo, akamnyooshea Mama mkono, akainamisha kichwa upande mmoja na kungoja.

Kwa mazoea nikafungua mdomo ili nitafsiri. Mama akaninyamazisha kwa kiganja.

"Nimesikia," alisema. "Ananiuliza kama nimekula."

Akasogea karibu. Sijui alikuwa anasema na Koko au na mwanawe, nadhani hakutofautisha tena. "Nimekula muhogo. Na wewe? Angalia ile shingo, kama ya kuku. Miezi mitatu unaandika-andika tu kama muntu wa biro. Mama yako ni biro?"

Koko akatikisa kichwa. Akaweka kichwa chake cha kibuyu begani kwa Mama, akakiacha hapo. Benoît alikuwa analia bila sauti, kama daktari alivyoagiza.

Na Mama, aliyesema hashiki, akakifungua kile kilemba na kukifunga upya vizuri, huku akisema kwamba hatujui kufunga kitambaa.

Sylvain alikuwa ameshabonyeza kitufe. Yote hayo yameingia kwenye kompyuta, na tumekubaliana wote wanne kwamba yatabaki mwanzoni mwa albamu. Niliomba ruhusa ya kuyaandika hapa pia, hata lile la kusoma. Mama alisema niandike, watu wa kwenye simu hawamjui.

Kisha akaimba. Mara ya kwanza alipotea, mara ya pili akakohoa, kikohozi cha Koko kabisa. Mara ya tatu aliimba akimtazama Koko tu, na Benoît akimfungua Koko mdomo neno kwa neno, hawakuachana hata kwa silabi moja. Ni wimbo wa Koko anapokutana na wachungaji njiani usiku wa Noeli. Sisi tuliandika hivi:

Wachungaji, mmekula?
Safari bado ni ndefu.

Mama aliimba hayo, na tulipodhani amemaliza, akaongeza mwenyewe:

Na yule aliyezaa leo,
nani amemupikia?

Nyimbo saba, miezi minne ya kutunga, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemfikiria Maria na njaa yake. Sylvain alivua vifaa vya masikioni. Tumeyaacha maneno hayo.

Jumamosi ijayo tunakwenda Katanika na albamu. Mama amesema atafuatana nasi, kwa sababu haifai watoto kumlilia muntu ambaye bado anakula bugali. Hajasema atawaambiaje viongozi wa kanisa lake. Hilo nitamwachia yeye, anajua kusema.

Mwezi wa kwanza daktari atatuambia nini, sijui. Naogopa. Leo nimeweza kuandika neno hilo.

Sasa hivi wako nje wawili, mtu na mama yake, na Koko katikati. Nasikia sauti moja tu, inauliza na kujibu, na mara kwa mara inacheka. Ester amelala kwenye mkeka karibu nao. Hakuna aliyeniita.

Miaka saba nimempa mama mkwe wangu kiti kizuri, nikamletea maji, nikarudi jikoni. Niliita hiyo heshima. Kesho akitoka kanisani atapita tena kwetu. Nitatoa viti viwili.