Chai ya Nyumbani Uliyoshindwa Kuikataa

Baba Jentrix, mwaka umetimia tangu ulipotuacha Krismasi ile ya 1982, na nyumba bado haijazoea.

Uliondoka Bungoma ukiwa kijana, ukaenda Nairobi kutengeneza vitanda Kibera, mtaa wa Lindi. Wengi hapa kijijini wanalala juu ya kazi ya mikono yako. Hukuwahi kurudi mikono mitupu, wala kupita kwa jirani bila kuuliza hali ya wazee.

Kila ulipofika nilikupikia chai ya maziwa, sukari nikaimwaga bila huruma. Uliimaliza yote, ukasema, "Nairobi nzima hakuna anayejua chai kama wewe." Kichwa kikanivimba. Kwetu mume wa mjini akikataa chai ya mkewe, watu husema amepata nyumba nyingine huko.

Siku ulipoanguka, zahanati ya huku haikuwa na cha kupimia sukari ya damu. Wakakupa dawa ya malaria. Nani angefikiria? Sisi tunaambiwa sukari ni ugonjwa wa wenye magari.

Kisha akaja matangani Mumbua, mwanamke jirani yako wa Lindi, akanishika mkono. "Kwani hakukuambia, Mama Jentrix? Mzee alikuwa na sukari, mwaka wa tatu huu."

Akanieleza alivyokupeleka hospitali, alivyokupikia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya Wakamba, alivyoificha sukari usiione. Kwamba kuna wiki ulikaa mlangoni na randa mkononi, hufanyi kazi, machozi yanatoka tu, naye akakaa nawe. Najua hamkuwa na lolote. Afadhali mngekuwa nalo, ningejua pa kumshika. Nilimshukuru mbele ya watu, lakini moyoni nilimwonea wivu, na bado ninamwonea. Yeye alipewa machozi yako, mimi nikapewa sifa za chai, na haki hapo siioni hadi leo.

Uliinywa ili nisichekwe, naelewa. Lakini mimi ndiye mkeo. Ungenipa nafasi ya kukunyima.

Tunaokukumbuka ni mimi Nasambu. Wanao Jentrix, Sifuna na Nanyama. Mama yako Nasipwondi. Na kaka yako Shiundu. Watoto wamenisihi nimwandike na Mumbua. Haya, nimemwandika, wa mwisho.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Lusweti. Mimi kwanza.