Darasa Lililozimwa Nyuma Yangu

Lubumbashi, Jumapili

Kwako Tata Mukubwa, mwenye neno la kwanza na la mwisho katika nyumba yetu ya Kapata. Kwako Tata na kwako Mama. Kwako Mjomba uliyesafiri kutoka Kisenge. Kwako Yaya Marcel, kaka yangu mkubwa. Na kwenu wadogo mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na kifua cha Yaya, bado kinambana akitoka shimoni mgodini?

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio uliochacha.

Chuo kikuu chetu, kikongwe kuliko Tata mwenyewe, kimebadili ngazi za shahada. Zamani tulisoma miaka mitatu ya gradua, kisha miwili ya lisansi. Sasa lisansi ni ile mitatu ya mwanzo, na masta iko juu yake. Mkuu wa chuo alituhutubia kwa ufasaha: tutazame migodi, tuache kuzaa wasomi wasio na kazi. Ukumbi ulipiga makofi. Sisi wa historia tulipiga pia.

Katika mtihani wa mwisho nilianguka somo moja. Profesa wake tulimwona kwa nadra. Alikuwa kwenye semina za mageuzi hayo hayo. Sikuogopa, kwani siku zote aliyeanguka hurudia mwaka. Nikaenda ofisi ya kitivo kujiandikisha.

"Papa," karani akaniambia, "promosio yenu ya mfumo wa zamani ilishakufa. Nyuma yenu hakuna mutu. Utadubla mwaka wapi, mu korido?"

Foleni nzima ikacheka. Nilichopewa ni kushuka hadi mwaka wa pili wa mfumo mpya.

Mjomba, Noeli iliyopita uliniuliza: "Weye unasoma, ao ulioa ile universite?" Leo nakujibu: amenikimbia, na mahari harudishi.

Sheria ya nyumba yetu ni mmoja asome, mwenzake angoje. Mdogo wangu Odile ana diploma yake ya sekondari, na kila mwaka nilimwambia, "Kidogo tu." Sasa nasikia anaosha mawe ya madini mtoni. Nikikubali kushuka, atangoja hadi azeeke.

Msinisifu kwa nitakachosema. Nimechoka, nina hasira, na ninamwonea wivu yeye atakayeanza kwenye mfumo ambao bado haujamdanganya.

Nisalimieni Shangazi anayeuza samaki sokoni, na shemeji yangu, mke wa Yaya.

Odile, najua ni wewe unayewasomea kwa sauti. Usiruke mstari.

Uamuzi wangu ni huu: naacha chuo. Zamu ni ya Odile. Yaya Marcel amlete wiki hii, kabla uandikishaji haujafungwa. Chumba changu atakikuta wazi. Mimi nitashuka shimoni na Yaya. Tata Mukubwa, nakuomba usiwaruhusu watawanyike kwanza. Anayepinga asimame sasa, amtazame Odile, aseme.

Mtoto wenu,
Ilunga