Sura ya Nne ya Rébecca

Jumamosi, 10 Mei 2003

Sioni tena. Acha niliandike hapa kwanza, maana sijamwambia mtu. Ukungu ulianza Noeli katika jicho la kulia, ukahamia la kushoto. Sasa karatasi iliyopigwa mashine ni vumbi la kijivu tu. Ninaandika kwa kalamu nene ya feutre, herufi kubwa kama za mtoto wa shule ya primaire, na jana nilichoandika siwezi kukirudia. Daktari anasema moyo nao umechoka, hautavuka mwaka. Hilo nyumba nzima inalijua. La macho — hapana.

Leo walikuja wote. Butembo ni baridi, na kila mmoja alileta ukuni wake, kama wazee wetu walivyofanya kwenye kyaghanda, walipokaa kuzunguka moto na kuamua mambo. Tofauti ni moja: kule wanawake hawakukaa. Hapa Rébecca anakaa karibu na moto kuliko wote. Ametoka Beni kwenye joto, anatetemeka!

Ni assistants wa chuo kikuu wanaotafuta shahada ya udaktari. Maprofesa wao wako Kinshasa, na vita imekata njia. Wangeacha mmoja mmoja, kila mtu peke yake nyumbani kwake. Basi tukaanzisha Jumamosi hii. Muyisa anawafundisha takwimu. Kambere analeta kompyuta na jenereta ya shemeji yake. Jokébed, binti yangu, anapika maharagi. Mmoja anasoma kazi yake, wengine wanaishambulia, halafu tunakula.

Kusoma kwa sauti ni amri yangu ya mwaka huu. Mwenye kazi asome mwenyewe! Wanadhani niliitoa Louvain, Ulaya, nilikosoma. Kambere anawafundisha hata watu wa Beni, anaiita "méthode ya Papa Prof". Kumbe ni upofu. Lakini inafaa, Mungu anisamehe. Mtu akisikia kinywa chake kikijikwaa, anajua mwenyewe pa kukata.

Leo alisoma Kambere, habari za wafanyabiashara. Rébecca akamkatiza:

— Ah, Kambere! Hii phrase yako iko murefu kupita barabara ya Beni. Na mashimo njo mingi zaidi!

— Na yako weye? Virgule kila hatua, sawa bariyeri za basoda ba vita. Batu banachoka!

Sentensi ndefu dhidi ya mikato: tulicheka hadi nikakohoa.

Lakini Rébecca alipoaga aliinama sikioni mwangu. Aliuliza kama nimemaliza kusoma. Thèse yake, tasnifu nzima, iko chini ya kitanda changu tangu Februari. Nilijibu: ninaendelea, mwanangu. Kaka yake anamwita aache vitabu, waingie wote katika biashara ya kakao. Nasikia ameanza kumsikiliza.

Jumatatu, 12 Mei

Kambere alikuja mbio, kofia mkononi. Wakubwa wametia sahihi amani — safari hii huenda ikashika! Ndege ya Umoja wa Mataifa itatoka Beni kwenda Kinshasa mwisho wa mwezi. Kuna nafasi moja kwa mtafiti. Profesa wa Rébecca amesema kwa fonie, ile simu ya redio, kwamba jury ya watahini itakaa Juni, mradi mimi niseme kazi iko tayari. Hakuna msomaji mwingine upande huu wa nchi.

— Ni neno yako tu, Papa. Neno moja! Jumapili ya tarehe makumi mbili na tano, mbele ya saa tisa. Ikikosa, ile nafasi inaenda kwa mwingine.

Nikasema vizuri, vizuri. Alipotoka nilivuta mfuko wa ile thèse kutoka chini ya kitanda, nikaufungua dirishani. Vumbi la kijivu. Kurasa zote.

Jumamosi, 17 Mei

Aibu! Aibu, na kisha —

Rébecca aliniwekea ukurasa mapajani. Ramani ya vijiji vya Vuhovi, alisema. Anataka shauri langu. Nikaushika. Nikatikisa kichwa kiprofesa. Nikasema kaskazini kumebanwa kidogo.

— Papa, akasema Kambere polepole, uko naishika kichwa chini.

Ningeweza kutania. Badala yake nikasema yote: macho tangu Noeli, na méthode ilikotoka. Kambere alipiga makofi ya mshangao. Basi nusu ya Beni inasoma kwa sauti sababu ya macho ya muzee mumoja! Muyisa akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Rébecca hakucheka. Alipiga magoti mbele ya kiti changu, sauti yake ilikuwa karibu sana.

— Donc kazi yangu hapana mubaya? Miye nilikuwa nawaza Papa anasikia haya kuniambia.

Miezi yote hiyo aliubeba ule mzigo. Mimi nililinda heshima yangu, yeye alilipia.

Wakapanga mara moja, wenyewe, bila kuniuliza. Rébecca ataomba ruhusa kazini, atalala chumba kimoja na Jokébed. Watanisomea kwa zamu hadi ukurasa wa mwisho.

Jumatano, 21 Mei

Kutwa nzima kusomewa. Muyisa anasoma kama anayekimbizwa. Kambere anasoma kama padri. Rébecca anasoma taratibu, na ninaona kila kitu: wanawake wa Vuhovi wanakimbia, sufuria wameiacha, godoro wameliacha, lakini mbegu za maharagi zimeshonwa ndani ya pindo la kitenge. Nani alimpa nani mbegu walipofika ugenini. Nani alinyimwa, na kwa nini.

Jokébed aliacha ndoo mlangoni, akasimama kusikiliza.

— Ni vile kabisa, alisema. Na ile mbegu ya muviringo tunaficha kwa nywele ya batoto.

Rébecca akaandika papo hapo. Wakabishana kuhusu aina ya maharagi hadi chai ikapoa.

Nimekula sahani nzima leo. Nyumba ina sauti. Tangu mke wangu afe sikukumbuka nyumba inavyokuwa na sauti za siku za kazi, si Jumamosi tu.

Jumamosi, 24 Mei

Jana jioni tulimaliza. Ni kazi safi, iliyosimama yenyewe. Nimehukumu thèse nyingi maishani, hii ningeisimamia popote.

Leo asubuhi walikaa wote, wakangoja. Kambere alikuwa ameshapata kamio, lori la mizigo, ya kumshusha Rébecca Beni. Muyisa alileta pombe ya kasiksi kwenye bidoni, "ya kumusindikiza". Nikafungua kinywa.

Nikasema: sura ya nne bado.

Bado nini? Muyisa ndiye aliyeuliza. Nikasema hitimisho lake lina haraka. Rébecca akajibu: "Sawa, Papa. Wasingya." Alinishukuru! Akachukua karatasi akaenda mezani. Bidoni haikufunguliwa.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda ibadani, miguu imevimba. Rébecca naye hakwenda. Tangu alfajiri nasikia kalamu yake sebuleni: inakwenda, inasimama, inafuta.

Kambere alipita baada ya ibada. Aliongea kwa adabu, lakini si Kambere wa utani.

— Papa, nilisoma ile sura mara mbili. Miye sione kosa. Nionyeshe basi, nimusaidie.

Nikamwambia ni jambo la kusikia, si la kuona. Nimeweza kumjibu hivyo, mimi! Alivuta pumzi. Alisema atakwenda kwenye fonie akae pale tu, labda nitabadili mawazo. Viatu vyake vikashuka mtelemko.

Jikoni Jokébed na Rébecca wananong'ona. Rébecca anasema labda kaka yake anasema kweli, kakao haitaki hitimisho. Jokébed anamwambia anyamaze, ale kwanza. Hakuna sauti ya sahani.

Nimemwita Jokébed. Amtume mtu ambaye ana pikipiki amfuate Kambere, ampelekee neno moja: tayari. Ameganda mlangoni. "Papa, na sura ya nne?" Nikamwambia kwanza amtume, kisha aniletee Rébecca hapa.

Pikipiki imewaka. Sijui kama saa tisa imepita. Nasikia kiti cha Rébecca kikisukumwa, anakuja na karatasi zake, anadhani nataka anisomee alichorekebisha. Niandike kabla hajaketi, nisije nikakwepa tena —

Sura ya nne haina kosa. Haikuwa nalo hata jana. Nilitaka tu abaki.