Naogopa Hayupo kwa Sasa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, si umelala, na kwamba dawa ya matone unawekewa kwa saa zake. Mimi ni mzima, kifua kilichonisumbua kimepona, na kazi inaendelea. Fundi, najua wewe ndiye unayesoma kwa kuwa Baba bado ana bendeji jichoni. Nakusalimu wewe pamoja na cherehani yako. Nakuomba usome yote kama yalivyo. Usiruke mstari kwa kumwonea mtu huruma, hasa mimi.

Baba, nina jambo la kukuambia kuhusu ile simu uliyopiga hotelini kwetu mwezi uliopita, Jumanne, saa nne kasoro. Nimejaribu mara tatu kulisema kwa simu, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi huenda nikafika. Ila nianze na kazi yenyewe, maana bila hiyo utaelewa nusu, na nusu sitaki.

Chumba chetu cha simu kiko nyuma ya chumba cha dobi wa hoteli. Hakina dirisha, na ukuta mmoja una joto mchana kutwa. Tuko watatu kwa zamu, kila mmoja na meza yake, hedifoni yake, na kioo kidogo kilichobandikwa mbele ya uso. Kioo si cha urembo. Mwalimu wetu wa lugha anasema mtu akitabasamu sauti nayo hutabasamu, kwa hiyo tujitazame. Mwalimu huyo tumempa jina la Bi Tafadhali, kwa sababu kwake sentensi isiyo na “please” ni mtu aliyetoka nje bila viatu.

Alitufundisha wiki sita: namna ya kumwekea mteja meza mgahawani, na namna ya kupokea oda za wageni wanaokula vyumbani. Simu isilie mara ya nne. Utaje hoteli, uulize umsaidie nini, basi. Mwenzangu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa karani wa ghala, siku ya kwanza alimuuliza mteja ameamkaje, na watoto je. Mteja akakata akidhani amekosea namba. Huyohuyo alipoambiwa amuulize mteja kuhusu “party” yake, akataka kujua tangu lini sisi tunapokea sherehe. Bi Tafadhali akamweleza kwamba pati ni hesabu tu ya watakaokula, hata awe mmoja. Mama akasema basi yeye ana pati kila jioni, ya mtu mmoja, na vyombo anaosha mwenyewe. Tulicheka mpaka msimamizi akagonga ukuta.

Na mimi nilicheka. Chumba ninachopanga kina kitanda, meza na jiko la gesi. Jirani wa kulia simjui kabisa, wa kushoto namjua kikohozi. Kwa siku nazungumza na watu mia na ishirini, na hakuna anayeniuliza nimelalaje, kwa kuwa haimo katika sentensi zao wala zangu. Kuna mgeni aliyekaa wiki tatu akiagiza chai chumbani kila asubuhi. Nilimsomea oda yake siku ishirini na moja: chai, mkate wa kuchoma, mayai mawili ya kuchemsha yaliyoiva kabisa. Siku aliyoondoka nilijua kwa sababu taa ya chumba chake haikuwaka kwenye simu. Sura yake sikuwahi kuiona. Juzi nilinunua kiberiti dukani, nikamshukuru muuzaji kwa kupiga simu. Hakushangaa, nadhani hakusikia.

Sasa simu yako. Miezi mitatu ya kwanza huwa ya majaribio, na Jumanne ile ilikuwa siku yangu ya kupimwa. Msimamizi aliketi ubavuni kwangu na hedifoni ya pili, fomu mapajani. Simu za kifamilia haziruhusiwi kwenye namba ile, na simu zetu wenyewe hufungiwa kabatini tukiwa mezani. Kabla yangu kuna mtu aliachishwa kazi kwa kumwambia mumewe mahali ulipo ufunguo.

Ukanikosa kwenye yangu, ukapiga namba iliyoandikwa kwenye bahasha zetu. Ulikuwa umejiandaa, nilisikia. Kiingereza chako cha katapila, ulichookota kwa wahandisi wa barabara, kile cha kupiga kelele kuishinda injini, siku hiyo ulikinyoosha kama shati la kwendea ofisini. Ulisalimu, ukaomba kuzungumza na binti yako, ukataja jina langu lote mpaka la babu.

Baba, dada aliyekujibu ni mimi.

Nilijitabasamia kiooni nikasema, “I'm afraid she is not available at the moment, sir.” Bi Tafadhali hapendi neno hapana. Badala yake tunasema tunaogopa: naogopa meza zimejaa, naogopa jiko limefungwa, naogopa hayupo kwa sasa. Kwa Kiingereza ni adabu tu, hakuna anayeogopa kitu. Mimi huogopa hivyo mara arobaini kwa siku na moyo haushtuki. Lakini wewe hukufundishwa na Bi Tafadhali. Uliacha Kiingereza, ukasema taratibu, “Usiogope, mwanangu. Hakuna neno.” Ukakata.

Msimamizi aliniuliza mzee amesema nini. Nikamwambia ameshukuru. Alinipa tisa kwa kumi. Moja ilipotea kwa sababu simu ilikatika kabla sijakutakia siku njema. Saa saba nilikuwa na nusu saa ya mapumziko na ufunguo wa kabati mfukoni. Ningeweza kukupigia. Nilikula.

Jioni nilipokupigia, ukaniambia umepokewa na dada mwenye adabu sana, ila maskini ana hofu, labda mabosi wake ni wakali, nimsalimie. Nikasema namfahamu, salamu zitamfikia. Nikakuuliza ulikuwa na shida gani. Ukasema huna shida, ulitaka kunijulia hali tu. Sikuuliza mara ya pili, maana jibu hilo lilinifaa.

Fundi ndiye aliyenieleza kwa simu, wiki mbili baadaye. Asubuhi ile ulikuwa umepewa tarehe ya kutolewa mtoto wa jicho, na hospitali ilitaka ndugu wa damu aje atie saini na kukaa nawe. Mimi ndiye mwanao wa pekee. Ulikwenda na Fundi, mkadanganya kwamba ni mdogo wako. Akanisimulia na ulivyowachekesha wauguzi: kwamba una watoto wawili, mmoja wa jicho na mmoja wa hotelini, na wa jicho ndiye aliye karibu. Fundi alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nimesimama koridoni na barua ya kuthibitishwa kazini mkononi. Nilimwomba arudie, ingawa nilikuwa nimesikia.

Kitu kimoja sikijui. Mzee humwita kijana yeyote mwanangu, hata asiyemfahamu. Lakini wewe ulikuwa unanitambua kwa namna ninavyofunga mlango. Nataka kujua siku ile ulikuwa unamwambia nani asiogope. Usimtume Fundi anijibu. Nimeomba ruhusa ya siku nne na nimepewa. Ijumaa bendeji ikifunguliwa nitakuwa nimekaa mbele yako. Kama ulijua, niambie nikiwa hapo. Kama hukujua, sasa umejua, na utakalosema nitalisikiliza mpaka mwisho.

Nisalimie mke wa Fundi, na wateja wanaosubiri suruali zao barazani. Fundi, ahsante kwa kusoma, na ahsante kwa kutia saini.

Ni mimi mwanao,
niliyepokea simu.