Bunduki za Harusi ya Tihana

Kijijini, karibu na Vinkovci,
29 Septemba 2019

Mpendwa Dada Dragica,

Pokea salamu zetu sote. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya huko Australia imekwisha? Sisi miili haijambo, tunashukuru. Yaliyobaki ndiyo haya, na nayaandika kwa sababu kwenye simu Zvonko angenisikia.

Wiki mbili zilizopita wakwe walikuja kumposa binti yetu Tihana. Watu walikula, wakafurahi. Mjomba wa bwana harusi, mtu mwema tu, akaona amheshimu shemeji yako Zvonko kwa kuwa alipigana vitani. Akatoka uani, akapiga risasi tatu hewani, kama tufanyavyo kwenye sherehe. Hakuuliza mtu.

Dada, Zvonko alimrukia Tihana akamwangusha chini ya meza, akamlalia mwili mzima. Supu ikamwagika, Tihana akaumia kiwiko. Vijana wawili wakacheka. Tulichukua muda kumtoa pale, maana alikuwa amemfunika kichwa kwa mikono yote miwili na hakuwa akitusikia kabisa.

Tangu siku hiyo analala kwenye kibanda cha kupikia pombe ya rakija, na amesema harusini haendi. Hataki kumwaibisha binti. Nimembembeleza, nimenuna, nimegombana hadi na masufuria. Kwa miaka ishirini na sita nimejifunza kufunga milango taratibu na kutomwamsha kwa kumgusa, lakini kuozesha binti bila baba yake sikujifunza. Naogopa, dada, na nimechoka. Sikufichi.

Alhamisi tulikutana kwa Ljubica, sisi wake wa waliopigana vita, kumenya pilipili hoho za kuchoma za kuweka akiba. Nikalia juu ya beseni. Ljubica akaniambia nisimtilie chumvi pilipili zake. Mume wake yeye alijitupa mtaroni siku tairi la trekta lilipopasuka, tena na suti ya kanisani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kesho yake akanishika mkono, tukaenda wanawake saba, nyumba kwa nyumba kwa wakwe, kuomba bunduki zibaki kabatini. Wengi wamekubali. Yule mjomba alilia. Babu yao ndiye mwenye kichwa kigumu: anasema harusi bila risasi ni matanga, na huyo hatumwezi.

Nikamweleza Zvonko. Akasema ikilia hata moja tu, ataharibu kila kitu. Tihana alikuwa amesimama mlangoni, bendeji bado mkononi.

"Ikilia, nilalie tena, Baba," akamwambia. "Gauni litafuliwa."

Baba yake akatoka kwenda kupasua kuni, na kibandani ndiko alikolala tena. Ila jana nimekuta suti yake imeanikwa juani, na si mimi niliyeitoa. Sijamuuliza, nisije nikaharibu.

Msalimie sana shemeji Mirko, na wanangu Ivka na Danijel uwabusu. Mungu akulinde angani hadi ufike kwetu kwa harusi.

Kanisani nakuomba ukae upande wa kulia wa Zvonko, sikio lake la kushoto halisikii tena. Babu akipiga risasi, usimshike Zvonko. Mwache amfikie binti yake.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Nevenka